Vipande vya abasi na mulondo vinageuka vyeusi chupani kabla ya kuchipua: tuzuie vipi?

Kitalu_Mpigi aliuliza:

Ndugu zangu wa maabara na vitalu, nawasalimu.

Sisi tuko katika maabara ndogo wilayani Mpigi, Uganda, ambayo kwa muda mrefu imekuwa ikizalisha miche ya migomba kwa njia ya tishu, yaani kukuza vipande vidogo vya mmea ndani ya chupa zenye lishe, na sasa kikundi cha waganga wa tiba asilia kimetuomba tuwazalishie miche ya abasi, yaani Warburgia ugandensis, pamoja na mulondo, yaani Mondia whitei. Sababu yao ni ya haki kabisa. Abasi huvunwa magome, na mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote haunusuriki. Mulondo huvunwa mizizi, na anayeuchimba mzizi mara nyingi huondoka na mmea mzima. Mbegu za abasi nazo hazivumilii kukaushwa wala kuwekwa akiba, kwa hiyo mwenye kitalu asiyepata mbegu mbichi kwa wakati wake hulazimika kungoja msimu mwingine.

Tatizo letu ni weusi. Tunachukua pingili zenye jicho kutoka kwenye matawi ya miti mikubwa ya abasi, tunaziosha kwa maji na sabuni, tunazipitisha kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika moja, kisha kwenye mchanganyiko wa jiki wa asilimia 20 kwa dakika 20, na baada ya kusuuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwenye otoklevu, yaani chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuulia vijidudu, tunazipanda kwenye lishe kamili ya Murashige na Skoog yenye sukari gramu 30, agari ya kuigandisha gramu 8 na BAP, homoni ya kuchipusha, miligramu 2 kwa lita. Kufikia siku ya pili ukiinua chupa na kuitazama kwenye mwanga, unaona duara la kahawia limezunguka kitako cha kipande ndani ya agari. Duara hilo hupanuka na kukolea, na wiki inapokwisha kipande chote kimekuwa cheusi, jicho likiwemo. Mulondo huharibika polepole zaidi, na baadhi ya macho yake hufunguka kidogo kabla ya kufa.

Tumetia vitamini C kwenye lishe kabla ya kuipika kwenye otoklevu, na hatukuona tofauti yoyote. Naomba kufahamishwa weusi huu unaanzia wapi hasa, tutie nini na kwa kiasi gani, na kama makaa amilifu ambayo wengine wanayasifu yanafaa kwa mimea hii miwili. Tutashukuru pia kwa ushauri unaozingatia kuwa umeme wetu hukatika, na chumba cha kukuzia hupanda joto mchana.

Mwalimu_wa_Botania alijibu:

Ndugu wa Kitalu, maelezo yako yamejitosheleza, na kwa sababu hiyo nitayafuata kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kwenye mti. Nasisitiza mti kwa kuwa wengi wetu hukimbilia kutafuta kitu cha kutia kwenye lishe, ilhali kipande kinapofika kwenye lishe kimeshabeba fenoli, yaani kemikali za asili za mmea ambazo ndizo chanzo cha weusi huu.

Ndani ya seli ya mmea, fenoli huhifadhiwa kwenye vakuoli, yaani kifuko cha maji cha seli, na vimeng'enya vya kuzioksidisha, hasa kile kiitwacho polifenoli oksidesi ambacho hutegemea madini ya shaba, hukaa kwenye plastidi, chembe nyingine za ndani ya seli. Maadamu seli ni nzima, pande hizi mbili hazikutani. Kisu kinapopita, utando unapasuka, vinachanganyika, oksijeni ya hewani inaingia, na fenoli zinageuka kuwa kwinoni. Kwinoni hushikamana na protini na kuzizuia kufanya kazi, huungana zenyewe kwa zenyewe na kuwa rangi ya kahawia hadi nyeusi, na hudhuru hata seli za jirani ambazo kisu hakikuzigusa. Matooke yaliyomenywa na kuachwa bila kutiwa majini hupatwa na jambo hilo hilo. Zaidi ya hapo, jeraha huuamsha mmea utengeneze fenoli mpya kwa saa na siku zinazofuata, na ndiyo sababu kipande kinachoonekana safi jioni kinaweza kukutwa na duara jeusi asubuhi.

Ukilielewa hilo, utaona kwamba tawi la mti mkubwa uliosimama juani ndilo chaguo gumu kuliko yote. Tishu zilizokomaa na zilizopigwa na jua kali huwa na fenoli nyingi kuliko chipukizi laini lililokulia kivulini. Nakushauri utenge miti mama ndani ya kitalu: miche iliyooteshwa kwa mbegu mbichi, ikiwekwa chini ya wavu wa kivuli, ikinyweshwa vizuri na kupogolewa mara kwa mara ili itoe chipukizi changa. Ikiwa kuna mti mkubwa maalumu ambao waganga wanautaka kwa sifa zake, pogoa tawi lake moja, subiri lichipue, kisha funika chipukizi hizo kwa kitambaa cheusi au mfuko wa karatasi nzito kwa wiki mbili hivi kabla ya kuzikata. Chipukizi lililokosa mwanga hupauka na kuwa laini, na hutoa fenoli chache sana likikatwa. Kazi hii haigharimu chochote ila subira, na ninaiamini kuliko chupa yoyote ya kemikali iliyoko rafuni.

Majira nayo yana uzito. Huku kwetu, mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huleta chipukizi mpya, na hizo ndizo za kuchukua zikiwa bado na rangi ya kijani kibichi cha kung'aa, kabla shina halijaanza kuwa gumu. Pingili zilizokatwa katikati ya kiangazi kutoka kwenye mti wenye kiu hufika maabara zikiwa tayari katika hali ya kujihami.

Sasa tuingie maabara. Vipande vikifika, viweke chini ya bomba la maji yanayotiririka kwa saa moja au zaidi kabla ya kuvitia dawa yoyote, kwa sababu sehemu kubwa ya fenoli zilizotoka kwenye majeraha ya kwanza huondoka na maji hayo bila gharama. Kwa mulondo hatua hii ni ya lazima: ni mmea wenye utomvu mweupe, na utaona tone la maziwa likijikusanya kwenye kila ncha iliyokatwa. Usiendelee mpaka ncha zimeacha kutoa utomvu, kwani ukikauka juu ya jeraha huwa utando mweusi unaozuia lishe kupenya.

Dawa ya kuua vijidudu ndiyo ninayoishuku zaidi katika maelezo yako. Soma kibandiko cha jiki yako. Ikiwa kinasema hipokloriti ni asilimia 3.5, basi mchanganyiko wa sehemu moja kwa nne za maji unakupa takriban asilimia 0.7, nayo si kali mno kwa tawi gumu, lakini dakika 20 juu ya chipukizi laini ni nyingi. Jaribu dakika 8 hadi 12 ukiwa umedondosha tone la sabuni ya maji ili dawa ienee, na spiriti isizidi sekunde 30. Kila seli inayochomwa na dawa hupasuka na kumwaga fenoli sawasawa na iliyokatwa kwa kisu. Kuna watakaokushauri utumie kloridi ya zebaki. Mimi siipendekezi hata kidogo, kwa kuwa ni sumu kwa mfanyakazi na mabaki yake hayana mahali salama pa kumwagwa katika maabara ndogo.

Baada ya kusuuza, usikate vipande vikiwa vikavu kwenye sahani. Andaa maji safi yenye vitamini C miligramu 150 na asidi ya sitriki miligramu 100 kwa lita, yakiwa yamechujwa dhidi ya vijidudu na yamepoa kwenye friji, kisha vikate vikiwa vimezama humo. Tumia wembe mpya; wembe butu huponda seli nyingi pembeni mwa jeraha, na jeraha lililopondwa huweka ukingo mweusi mpana kuliko lililokatwa kwa mkato mmoja safi. Ondoa ncha zote mbili zilizopaushwa na jiki, acha vipande humo kwa dakika 20 hadi 30, na maji yakianza kuwa na rangi ya chai hafifu yabadilishe.

Fundi_wa_Chupa alijibu:

Naunga mkono yote ya Mwalimu, na nitaongeza kuhusu lishe yenyewe.

Vitamini C mliyoitia kabla ya kupika haikuwasaidia kwa sababu asidi ya askobiki haivumilii joto. Katika nyuzi 121 za otoklevu sehemu kubwa huharibika, na mabaki yake yenyewe yanaweza kuipa lishe rangi ya njano. Itengenezeni siku ile ile ya kazi, ichujeni kwa kichujio cha maikromita 0.22 ndani ya kabati la hewa safi, na muitie kwenye lishe inapokuwa imepoa hadi karibu nyuzi 50, yaani chupa inashikika mkononi lakini agari bado haijaganda. Kiasi cha miligramu 50 hadi 100 kwa lita kinatosha. Ukizidisha, lishe huwa na asidi nyingi, agari hulegea, na vipande hudumaa. Fahamuni pia namna inavyofanya kazi: askobiki hurudisha kwinoni kuwa fenoli tena, nayo yenyewe hutumika na kwisha, kwa hiyo huchelewesha weusi na haiuondoi. Asidi ya sitriki hukamata shaba ambayo kimeng'enya kinaitegemea, na ndiyo maana hizi mbili huwekwa pamoja.

PVP, unga wa polima unaoshika fenoli, ile isiyo nzito inayoyeyuka majini, ina faida ya kustahimili otoklevu. Gramu 0.5 hadi 1 kwa lita huzishika fenoli kabla hazijaoksidika. Ukiitia baada ya duara jeusi kutokea haitakusaidia sana.

Kisha kuna chumvi. Lishe kamili ya Murashige na Skoog, iliyotangazwa mwaka 1962, ilitengenezwa kwa ajili ya tishu za tumbaku, na ina nitrati ya amonia miligramu 1,650 kwa lita. Mimea mingi ya miti huiona kuwa nzito. Lishe ya miti ya Lloyd na McCown ina miligramu 400 tu za nitrati hiyo, na kama hamna chumvi zake, punguzeni chumvi za Murashige na Skoog kwa nusu, abasi itapumua. Vilevile, BAP miligramu 2 ni nyingi kwa hatua ya kwanza. Saitokinini, kundi la homoni ambalo BAP imo, ikizidi huchochea vipande vitoe fenoli zaidi, kwa hiyo anzeni na miligramu 0.5, na mkishapata chipukizi zilizo hai ndipo mpandishe taratibu.

Kuhusu mwanga na joto, wekeni chupa gizani kwa siku 7 hadi 10 za kwanza. Kabati la mbao lenye mlango unaofunga vizuri linatosha. Mwanga huchochea mmea utengeneze fenoli, na joto huharakisha vimeng'enya, hivyo chumba kinachofika nyuzi 30 wakati umeme umekatika kitaharibu hata kazi iliyofanywa kwa uangalifu. Kwa siku hizo chache za mwanzo, chagueni chumba cha upande usiopigwa na jua la mchana na muweke kabati chini karibu na sakafu. Mkifanya kazi jioni badala ya asubuhi, vipande hupata saa zake za kwanza, ambazo ndizo za hatari kubwa, katika ubaridi wa usiku.

Makaa amilifu nayo tumeyatumia kwa mulondo, gramu 2 kwa lita, na chupa zilibaki safi.

Miche_Bora_Mbarara alijibu:

Hapo kwenye makaa naomba tusimame kidogo, kwa sababu ushauri huo ukichukuliwa bila maelezo unaweza kumfikisha ndugu yetu mahali ambapo vipande viko hai lakini havichipui.

Makaa amilifu hayachagui. Hunyonya fenoli, na wakati huo huo hunyonya homoni kama BAP na zile za mizizi, NAA na IBA, pamoja na baadhi ya vitamini za lishe. Ukitia makaa gramu 2 na BAP miligramu 0.5 katika chupa moja, kiasi cha BAP kitakachokifikia kipande hukijui tena, na haiwezekani kulinganisha chupa ya wiki hii na ya wiki ijayo ikiwa makaa yametoka kwenye pakiti nyingine. Chupa zilizobaki safi, kama alivyosema Fundi, ni habari njema kwa macho. Swali ni chipukizi ngapi zilipatikana kwa kila kipande na zilifikia urefu gani.

Mimi huyapa makaa nafasi mbili tu. Ya kwanza ni chupa ya mapito: kipande kinakaa kwenye lishe yenye makaa gramu 1 na isiyo na homoni kabisa kwa siku chache gizani, kinamwaga fenoli zake, kisha kinahamishiwa kwenye lishe ya kuchipusha isiyo na makaa. Ya pili ni hatua ya mizizi, ambapo weusi wa makaa huiletea mizizi giza linaloifaa, na homoni iliyobaki kwenye chipukizi hunyonywa. Mulondo hufaidika na hiyo ya pili. Katika hatua ya kuzidisha chipukizi, sitii makaa.

Mkiyatumia, tikisheni chupa kila mnapomimina ili yasitue chini, na mpime pH, yaani kiwango cha asidi, baada ya kuyatia, kwa sababu huibadilisha. Na kwa kuwa nimewahi kuulizwa zaidi ya mara moja, niseme wazi kwamba makaa ya kupikia yaliyosagwa hayafai: hayana matundu madogo yanayohitajika kunyonya fenoli, yana majivu yanayopandisha pH, na hubeba chumvi msizozijua.

Njia isiyo na gharama yoyote ambayo bado haijatajwa ni kuhamisha mapema. Baada ya saa 24, hata kabla duara halijakolea, kiinueni kipande kwa koleo na mkisogeze upande wa pili wa chupa ile ile yenye mdomo mpana, mahali ambapo agari bado ni safi. Rudieni siku ya tatu. Kisha mkihamishie chupa mpya mwishoni mwa wiki, mkikata ukingo mwembamba mweusi wa chini iwapo upo, na muendelee kila wiki mpaka agari ibaki bila rangi. Kwa abasi, ambayo hutoa fenoli kwa wingi, mnaweza pia kuanza na lishe ya maji isiyo na agari, kipande kikisimama juu ya daraja la karatasi ya kuchujia; fenoli hutawanyika katika maji badala ya kukusanyika kitakoni mwa kipande, na kubadilisha maji ni rahisi kuliko kuandaa agari mpya.

Msaidizi_wa_Maabara alijibu:

Kabla ya kubadilisha lishe, hakikisheni kwamba mnachokiona ni fenoli kweli. Weusi wa fenoli huanzia kwenye jeraha na kuenea ndani ya agari ukiwa angavu, yaani ukiuelekeza kwenye taa bado unaona upande wa pili, kama chai isiyo na maziwa. Bakteria huleta ukungu mweupe au wa krimu unaozunguka kitako, na agari hapo huwa na maziwa maziwa. Kipande huweza kuwa cheusi baadaye, lakini sababu ni nyingine na vitamini C haitasaidia lolote. Kipande kilichochomwa na jiki hupauka kwanza, kisha huwa cha kahawia mwili mzima kwa wakati mmoja huku agari ikibaki safi kabisa. Na chipukizi ambalo limekua vizuri kwa wiki kadhaa, kisha likaungua nchani tu, kwa kawaida lina upungufu wa kalsiamu, hasa kama vifuniko vimebana sana na chupa haina mzunguko wa hewa.

Andikeni kwenye kila chupa tarehe na mahali weusi ulipoanzia. Daftari la namna hiyo litawaambia hatua ya kurekebisha.

Kitalu_Mpigi aliandika tena:

Nawashukuru sana, Mwalimu na ndugu wote. Nimeziangalia chupa zetu kwa namna alivyoeleza Msaidizi: nyingi za abasi zina rangi ya chai angavu iliyoanzia kwenye mkato, na chache zimepauka kwanza, kwa hiyo tutapunguza muda wa jiki mara moja na kuanza kutenga miti mama chini ya wavu.

Limebaki swali moja. Kati ya mimea ya mulondo tuliyokatia vipande, kuna mmoja ambao vipande vyake karibu havigeuki vyeusi kabisa, na vijana wa maabara wanapendekeza tuache mingine yote na tuuzidishe huo peke yake, kwa kuwa ungetupunguzia kazi nyingi. Je, kuna ubaya wowote?

Mwalimu_wa_Botania alijibu:

Ndugu yangu, kwa mgomba ningekwambia uendelee bila wasiwasi. Kwa mmea wa dawa nakusihi usifanye hivyo kabla ya kupima.

Fenoli zinazotutesa chupani ni jamaa wa karibu wa vitu ambavyo mganga anavitafuta. Harufu tamu ya mzizi wa mulondo, ile inayofanana na vanila, hutokana na kiini kiitwacho 2-hidroksi-4-methoksibenzaldehaidi, ambacho chenyewe ni cha ukoo wa fenoli. Mmea usiogeuka mweusi unaweza kuwa na vimeng'enya dhaifu tu huku viini vyake vikiwa vimekamilika, na hapo utakuwa umepata hazina. Lakini unaweza pia kuwa na upungufu wa fenoli kwa jumla, na ukiuzidisha kwa maelfu utawapa waganga mizizi isiyo na harufu wala nguvu, baada ya wao kungoja miaka mpaka ivunwe. Kwa kuutazama ndani ya chupa huwezi kutofautisha hali hizo mbili.

Abasi ina hesabu yake tofauti. Ukali wake unaochoma ulimi kama pilipili unatokana na viini vya aina ya terpeni, kama vile warburganali na poligodiali, ambavyo si fenoli. Kwa hiyo mti wa abasi usiotoa weusi mwingi hauna sababu ya moja kwa moja ya kushukiwa kuwa dhaifu, ingawa nao unafaa kupimwa, kwa sababu miti ya abasi hutofautiana yenyewe kwa yenyewe katika kiasi cha viini hivyo.

Kipimo cha kuanzia si cha gharama kubwa. Kausha sampuli ya mzizi wa mimea mama yako ya mulondo, ukiwemo huo usiogeuka mweusi na mingine kadhaa inayogeuka, uipeleke kwenye maabara inayofanya kromatografia ya bamba jembamba, ambayo hutenganisha viini vya mmea na kuvionyesha kama mistari, na uombe walinganishe mistari ya mimea hiyo kando kwa kando kwenye bamba moja. Vyuo vikuu vyetu vyenye idara za kemia au famasia vinaifanya, na taasisi ya serikali ya utafiti wa dawa za asili iliyoko Wandegeya, Kampala, ni mahali pengine pa kuulizia. Mistari ikifanana, endelea na mmea huo. Ikiwa mstari wa kiini cha harufu umefifia kwake, uache uwe wa majaribio ya maabara tu.

Hata kama kipimo kitakuwa kizuri, usiwape waganga shamba zima la mmea mmoja. Miche yote itokanayo na jicho la mmea mmoja ni pacha, na ugonjwa utakaoupata mmoja utaipata yote. Weka mimea mama ya kutosha kutoka sehemu mbalimbali, ipe kila mmoja namba, na uandike namba hiyo kwenye kila chupa tangu kipande cha kwanza hadi mche unapotoka kitaluni. Ile inayogeuka nyeusi kwa wingi itahitaji giza refu zaidi na kuhamishwa mara nyingi zaidi katika mwezi wa kwanza. Baada ya mizunguko mitatu au minne ya kuhamishwa, chipukizi zinazozaliwa chupani huwa changa na laini, na kwa kawaida utoaji wa fenoli hupungua wenyewe kiasi cha kutohitaji tena PVP wala vitamini C.